Maswali ya Wasomaji: Mnyama wa Mgononi Ambaye Si Fisi Maji Wala Panya

Safu hii kwa kawaida hujibu maswali ya mambo mbalimbali, lakini mara hii tumeitenga kwa mnyama mmoja tu. Barua ya kwanza ilitoka Ituri, nasi katika toleo lililopita tuliidokeza kwa mistari miwili, tukaeleza kwamba mvuvi mmoja amemkuta katika mgono wake kiumbe ambaye kijijini hawakukubaliana ni nani, na kwamba huenda ni ndugu wa mbali wa tembo. Mistari hiyo miwili ilituletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia. Hapa tunaichapisha barua yenyewe kwa ukamilifu wake, pamoja na zile zilizoifuata.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, pokea salamu zangu. Mjomba wangu hutega migono katika kijito kinachomwaga maji yake Mto Epulu. Asubuhi moja alikuta ndani ya mgono mnyama aliyekwisha kufa maji. Ukimpima pamoja na mkia, urefu wake unazidi kidogo mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mgongoni ni wa kahawia iliyokoza, tumboni ni mweupe, pua yake ni pana na imejaa sharubu ngumu, na mkia wake ni mnene mno, umebapa ubavuni kama wa mamba. Kaa waliokuwemo mgononi walikuwa wamebaki vipande. Mjomba anasema ni mtoto wa fisi maji. Jirani yetu anashikilia kwamba ni panya wa mtoni. Yupi kati yao amesema kweli? (Msomaji wa Epulu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo)

Jibu: Tunaomba radhi kwa mjomba na kwa jirani pia, kwa sababu wote wawili wamekosea, ingawa wamekosea pamoja na watu wengi wenye elimu. Maelezo uliyotuandikia, hasa ya pua na ya mkia, hayaachi shaka kubwa: mnyama huyo ni yule ambaye wataalamu humwita Potamogale velox. Jina hilo limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kicheche wa mtoni, na neno la Kilatini lenye maana ya mwenye kasi. Kwa kuwa hatujapata jina moja la Kiswahili linalotumiwa na wote, tutamwita potamogale, na msomaji atatuvumilia. Waingereza wamemwita kwa jina linalomuunganisha fisi maji na kirukanjia, ilhali yeye si wa ukoo wa fisi maji wala si wa ukoo wa kirukanjia. Tusiwacheke, maana sisi nasi tumemwita fisi maji kwa jina la fisi, na hao wawili hawana udugu wa karibu hata kidogo.

Anaishi katika mito na vijito vya msitu wa mvua wa Afrika ya Kati, kuanzia kusini mwa Nigeria, kupitia Kameruni, Gabon na Kongo zote mbili, hadi Uganda upande wa mashariki, na kusini hadi Angola na Zambia. Kwa hiyo kijito cha mjomba wako kiko katikati kabisa ya nchi yake. Mtu mzima katika jamii hiyo ana kiwiliwili cha sentimita 29 hadi 35 hivi, mkia unaokaribia kuwa na urefu huohuo, na uzito ambao kwa kawaida haufiki kilo moja. Huyo aliyenaswa, kwa vipimo ulivyotupa, hakuwa mtoto wa mtu. Alikuwa amekomaa.

Mkia ndio unaostahili kuangaliwa kwanza. Mamalia wengi wanaoogelea hutumia miguu, kama mbwa anavyofanya akivuka mto, au hupinda mgongo na mkia kwa kupanda na kushuka, kama afanyavyo fisi maji na kama afanyavyo pomboo baharini. Potamogale hafanyi hivyo. Yeye huyumbisha mkia kulia na kushoto, sawasawa na samaki na mamba, na ndiyo maana mkia wake umebapa ubavuni na umejaa misuli kiasi kwamba shina lake linakaribia unene wa kiuno chake, hata ukimtazama juu juu hujui kiwiliwili kimeishia wapi. Manyoya ya mkiani ni mafupi na laini ili yasizuie maji. Ni mamalia wachache sana duniani wanaoogelea kwa namna hiyo, na ndiyo maana jirani yako alikuwa na haki ya kushangaa, ingawa hakuwa na haki ya kumwita panya.

Kwa kuwa mkia unafanya kazi yote ya kusukuma, miguu imeachiwa kazi ndogo. Vidole vyake havina utando wa ngozi kati yake, jambo ambalo humshangaza kila anayetarajia kuona miguu ya bata kwa mnyama wa majini. Badala yake, kila mguu wa nyuma una ukingo wa ngozi unaouwezesha kulazwa ubavuni na kubana kabisa, ili mwili mzima upite majini kama mshale. Hana hata mtulinga, ule mfupa unaounganisha bega na kifua. Vidole viwili vya mguu wa nyuma, cha pili na cha tatu, vimeungana, naye huvitumia kama kitana cha kuchania manyoya yake. Kitana hicho kisidharauliwe, kwa sababu mnyama mdogo anayezama katika maji ya baridi usiku kucha huishi kwa manyoya yake, na manyoya yaliyochafuka huruhusu maji kufika kwenye ngozi.

Sasa turudi kwenye pua pana uliyoitaja. Potamogale huwinda usiku, mara nyingi katika maji yaliyokolea rangi ya majani yaliyooza, na macho yake ni madogo. Anachokitegemea ni kugusa na kunusa. Sharubu zile ngumu zilizosambaa kwenye mdomo wa juu ndizo vidole vyake vya kupapasia: hupita nazo chini ya mawe, katika mizizi ya miti iliyoingia majini na kwenye mashimo ya ukingoni, na kitu kinapotikisika, hukamata. Matundu ya pua yana vifuniko vya ngozi ngumu vinavyojifunga anapozama. Chakula anachokipenda zaidi ni kaa wa mtoni, kisha samaki, vyura, kamba wadogo na wadudu wa majini. Kaa waliobaki vipande katika mgono wa mjomba ndio waliomwita. Aliingia kula, mlango wa mgono ukamruhusu kuingia usimruhusu kutoka, na kwa kuwa ana mapafu kama wewe na mimi, hakuweza kungoja hadi asubuhi.

Mchana hulala katika shimo kwenye gema la mto au chini ya mizizi, katika kitanda cha majani makavu, na mlango wa shimo mara nyingi huwa chini ya uso wa maji. Huishi peke yake. Jike huzaa mtoto mmoja au wawili. Kwa tabia hizo za usiku, za upweke na za mlango uliofichwa, si ajabu kwamba mtu anaweza kuzaliwa, kukua na kuzeeka kando ya kijito hichohicho asimwone hata mara moja, isipokuwa siku ile mgono unapomtoa.

Hata wataalamu wa zamani walimkana. Msafiri Paul du Chaillu, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa habari za sokwe wakubwa wa Gabon, alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1860 kutokana na ngozi aliyoipata huko, naye akamdhania kuwa jamaa wa wanyama walao nyama. John Edward Gray, mtaalamu wa makumbusho ya London ambaye hakumwamini sana msafiri huyo, alihukumu kwamba ngozi ile ni ya mnyama wa jamii ya panya, na akapendekeza jina Mythomys, yaani panya wa ngano. Vielelezo vilivyo kamili vilipofika Ulaya katika miaka hiyohiyo ya 1860, ilidhihirika kwamba mnyama yupo, na si panya. Basi jirani yako wa Epulu asione haya. Hoja yake ilishawahi kutolewa London kwa kejeli, tena na mtu ambaye hakuwahi kukiona kijito chenyewe.

Swali: Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tunawajua sana fisi maji, ambao hutuibia samaki na kutoboa nyavu. Nikisoma maelezo yenu ya toleo lililopita nimejiuliza kama baadhi ya hao tunaowaona ni huyo mnyama wa Kongo. (Msomaji wa Sengerema, Tanzania)

Jibu: Hapana. Wenu ni fisi maji kweli, tena kwa ziwani mara nyingi ni yule mwenye madoa shingoni, ambaye Kisiwa cha Rubondo kinajulikana kwa wingi wake. Yeye ni wa ukoo wa kicheche na nyegere. Ana uzito wa kilo kadhaa, vidole vyenye utando kamili na makucha, na mkia unaonyooka na kupungua unene kuelekea nchani, wala haujabapa ubavuni. Jambo jingine la kuangalia ni mwendo. Fisi maji huonekana mchana, hucheza, huita wenzake kwa mlio wa filimbi, na akizama mgongo wake hupinda juu kabla ya kwenda chini. Potamogale akivuka mbele yako usiku, utakachoona ni mstari wa maji uliopindapinda kama aliopita nyoka.

Kuhusu nyavu zilizotobolewa, hilo ni shtaka tutakalolijibu siku nyingine, kwa sababu mshtakiwa wa leo hahusiki.

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia. Mliandika kwamba mnyama huyu mdogo ni ndugu wa mbali wa tembo. Wanafunzi wangu walicheka, na nakiri kwamba mimi mwenyewe nilidhani ni utani wa mhariri. Je, kuna ushahidi gani, na kama ni kweli, kwa nini hafanani naye hata kwa ukucha? (Mwalimu, Morogoro, Tanzania)

Jibu: Haukuwa utani, Mwalimu, na wanafunzi wako wana bahati kwa sababu wanaishi karibu na ushahidi wenyewe.

Kwa zaidi ya miaka 100, potamogale aliwekwa katika kundi moja kubwa la wanyama wadogo wenye pua ndefu walao wadudu, pamoja na kirukanjia, fuko na kalunguyeye. Kundi hilo lilikuwa kama lile kabati la jikoni ambalo kila kisicho na mahali pake hutiwa humo. Ukiwa mdogo, ukiwa na pua iliyochongoka na meno madogo makali, uliingizwa, hata kama hukuwa na undugu na wenzako. Katika miaka ya 1990 wataalamu walianza kulinganisha chembe za urithi badala ya sura, na kabati likamwagika. Walikuta kwamba wanyama kadhaa ambao hakuna aliyewafikiria pamoja wametoka kwa babu mmoja aliyeishi Afrika: tembo, nguva wa baharini, pimbi wa kwenye miamba, muhanga anayechimba vichuguu, sange, fuko-dhahabu, tenreki (wanyama wadogo wa Madagaska), na potamogale. Mwaka 1998 ukoo huo ulipewa jina Afrotheria, yaani wanyama wa Afrika.

Maelezo yake yako katika jiografia ya kale. Kwa mamilioni mengi ya miaka bara letu lilikuwa peke yake, limezungukwa na bahari pande zote kabla ya kuungana na Asia. Wanyama waliobaki humo waligawana kazi zote wao kwa wao: mmoja akawa mla majani mkubwa, mwingine akaingia baharini, mwingine akachimba, mwingine akakimbia msituni akila wadudu, na mwingine akaingia mtoni. Walitengana zamani mno, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, kwa hiyo kutafuta mfanano wa sura kati ya tembo na potamogale ni sawa na kutafuta mfanano wa watu wawili ambao babu yao wa pamoja aliishi kabla hata ya lugha wanayozungumza. Undugu uko katika damu, wala si katika umbo.

Mfano ulio karibu nawe ni sange. Katika Milima ya Udzungwa anaishi sange mwenye uso wa kijivu, ambaye alitangazwa rasmi kuwa aina mpya mwaka 2008. Ana pua ndefu inayochezacheza, na kwa muda mrefu jamii yake nzima ilidhaniwa kuwa ya kirukanjia. Chembe za urithi zimesema vingine, na leo sange anahesabiwa kuwa karibu zaidi na pimbi, muhanga na tembo kuliko na kirukanjia aliye nyuma ya ghala lako. Wanafunzi wakikataa habari ya potamogale kwa sababu yuko mbali, waanze na sange.

Jamaa wa karibu kabisa wa potamogale ni tenreki wa Madagaska, ambao wana aina zipatazo 30. Zamani waliwekwa katika familia moja, lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba matawi haya mawili yametengana kwa muda mrefu mno, zaidi ya miaka milioni 40, na tangu hapo potamogale na wenzake wadogo wawili wamepewa familia yao wenyewe. Kuna jambo hapa ambalo binafsi halinichoshi: huko Madagaska yuko tenreki mmoja aliyeingia katika vijito vya mashariki ya kisiwa, akaota utando kati ya vidole, naye akajifunza kuzama na kuwinda bila kumwiga ndugu yake wa bara. Mto umefanya kazi hiyo mahali pengi. Kwenye milima ya Pirenei, kati ya Ufaransa na Hispania, umemchukua mmoja wa ukoo wa fuko ukamfanya mwogeleaji mwenye pua ya kupapasia. Australia umemfanya kinyamadege, ambaye hutaga mayai na kufumba macho anapowinda, akiwatambua wadudu kwa umeme hafifu wa misuli yao. Kwetu umemchukua binamu wa tembo. Maji yenye kasi na giza huwataka wote vitu vilevile, yaani mwili ulioteleza, manyoya yasiyopitisha maji, pua inayojifunga na njia ya kuhisi windo bila macho, na kila ukoo hutoa jibu lake kwa kile ulichokuwa nacho. Mjomba wa Epulu alipoona fisi maji, alikuwa ameusoma vizuri mto; alichokosa kusoma ni nasaba.

Swali: Hapa kwetu chini ya Rwenzori wazee husema kuna kinyama cha mtoni kidogo zaidi, kinachotoshea kiganjani, chenye miguu kama ya bata. Je, ni mtoto wa huyo? (Msomaji wa Kasese, Uganda)

Jibu: Wazee wamesema jambo la kweli, na hicho si kitoto. Ni aina nyingine, Micropotamogale ruwenzorii, iliyoandikwa rasmi mwaka 1955 na inayobeba jina la mlima wenu. Kiwiliwili chake ni sentimita 12 hadi 20, na uzito wake ni gramu mia moja na kidogo, kwa hiyo habari ya kiganja haina chumvi. Anaishi pande zote mbili za Rwenzori, Uganda na Kongo, na pia upande wa magharibi wa Ziwa Edward na Ziwa Kivu, katika vijito vya msituni na hata vile vinavyopita kati ya mashamba.

Yeye ana utando kati ya vidole vya miguu yote minne, kwa sababu mkia wake ni mwembamba na hauwezi kufanya kazi ile ya mkia wa mkubwa wake. Ukiwaweka wawili hao pamoja utaona njia mbili tofauti za kuogelea ndani ya familia moja: mmoja amewekeza katika mkia, mwingine katika miguu. Chakula chake ni minyoo, mabuu ya wadudu, kaa wadogo na viluwiluwi.

Wa tatu na wa mwisho katika familia hii yuko mbali nanyi, katika eneo dogo la Mlima Nimba na jirani zake, kwenye mpaka wa Guinea, Liberia na Côte d'Ivoire. Ndiye mdogo kuliko wote, na ndiye mwenye mashaka makubwa zaidi, kwa kuwa mlima anaoishi una madini ya chuma.

Swali: Je, naweza kumfuga? (Msomaji wa Bujumbura)

Jibu: Hapana. Anataka maji safi yanayotembea, kaa na samaki wabichi kila usiku, na upweke. Huna kijito ndani ya nyumba.

Swali: Nimesoma habari zenu na nimeona mnaelekea kutulaumu wavuvi. Migono ndiyo inayolisha watoto wangu. Huyo mnyama tukimkuta amekufa, tunamla au tunamtupa, hatukumtega yeye. Mnataka tuache kuvua? (Mvuvi, karibu na Kisangani)

Jibu: Hatukulaumu, ndugu, na swali lako ni zito kuliko yote tuliyoyapata. Ni kweli kwamba hakuna anayemtega potamogale kwa makusudi kwa ajili ya nyama. Huyu hufa kwa sababu yeye na wewe mnawatafuta samaki na kaa walewale, mahali palepale, usiku uleule. Ni kweli pia kwamba kwa jumla aina hii kubwa haijahesabiwa kuwa katika hatari ya kutoweka, kwa sababu imeenea katika nchi nyingi. Lakini kijito kimoja si nchi nyingi. Mnyama anayeishi peke yake na kuzaa mtoto mmoja au wawili huisha upesi mahali ambapo migono imepangwa mfululizo kutoka chanzo hadi mlangoni, na akiisha hapo atarudi tu ikiwa vijito vya jirani bado vinao.

Kuna mambo mawili ambayo mvuvi anaweza kuyafanya bila kupoteza samaki. La kwanza ni namna ya kuulaza mgono. Ukilazwa mzima chini ya maji, kila kinachovuta hewa kilichoingia kitakufa ndani ya dakika chache. Mkia wa mgono ukiinuliwa kwa jiwe au kwa kijiti ili sehemu yake ya mwisho ibaki juu ya maji, samaki hubaki chini kama kawaida, na mnyama mwenye mapafu hupata mahali pa kutolea pua. La pili ni saa ya kutembelea mgono. Anayekwenda kabla ya mapambazuko anaweza kumkuta angali hai, naye hana haja ya kumshika kwa mkono, kwani meno yake ni makali na atauma. Afungue mgono upande wa nyuma, ampishe. Faida nyingine iko upande wako: potamogale aliyekaa mgononi usiku kucha amekula kaa wako na samaki wako, na pengine ameupasua mgono wenyewe kwa kuhangaika.

Jambo kubwa kuliko migono, hata hivyo, haliko mikononi mwako peke yako. Msitu wa kando ya kijito ukifyekwa hadi ukingoni, mvua hubeba udongo na kuufanya mto kuwa tope. Na mahali watu wanapoosha mchanga kutafuta dhahabu, tope hilo haliishi kiangazi wala masika. Mnyama anayewinda kwa sharubu anaweza kuvumilia giza, lakini hawezi kuvumilia mto usio na kaa, na kaa hawakai mahali ambapo mashimo ya chini ya mawe yamejaa matope. Wewe utakuwa umeshaliona hilo kabla yetu, kwa kuwa samaki nao huondoka wakati huohuo.

Kwa msomaji wa Epulu aliyeanzisha haya yote: ikiwa mjomba atamkuta mwingine aliyekufa, tungeomba ampime kiwiliwili na mkia mbali mbali, aangalie kama kidole cha pili na cha tatu cha mguu wa nyuma vimeungana, na ampige picha ubavuni na kwa mbele, ili pua ionekane. Akimkuta hai, picha hatuzihitaji.